Yabisi ya Watoto na Utafiti wa Jeni: Mtaa Umejulikana, Nyumba Bado



Mada niliyopangiwa ni utafiti wa jeni kuhusu yabisi ya watoto. Nadhani wapo waliokuja na matumaini ya kusikia ni kipimo gani cha vinasaba tuanze kumwandikia mtoto aliyefura goti. Kipimo hicho hakipo. Nitaeleza kwa nini hakipo, utafiti umetupa nini badala yake, na kwa nini watoto wa huku kwetu karibu hawamo kabisa katika hesabu zilizokwisha kufanywa. Msimamo wangu niuseme mapema, ili wa kunipinga wapate muda wa kujiandaa: pengo hilo halitazibwa kwa kununua mashine ya kusoma vinasaba. Litaanza kuzibwa kliniki, kwa mtoto aliyechunguzwa sawasawa na faili lililoandikwa likasomeka.

Mtoto anayepona saa nne

Kwa vigezo vinavyotumika duniani, yabisi ya watoto ni ugonjwa wa viungo ulioanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zikakosekana. Hilo la tatu ndilo linalotutesa. Goti lililofura katika wodi zetu lina wenyewe wengi: kifua kikuu cha kiungo, usaha, selimundu, homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo, virusi vya UKIMWI, na mara nyingine saratani ya damu inayojionyesha kwanza kwa maumivu ya mifupa. Ongeza imani iliyoenea, hata kwa baadhi yetu tuliovaa makoti meupe, kwamba yabisi ni maradhi ya wazee. Mtoto anapita mikononi mwa watu wanne au watano, kila mmoja na antibiotiki zake, kabla hajatokea wa kulitaja jina la ugonjwa.

Mtoto wa miaka 3 hatakwambia kiungo kimekakamaa. Ukitaka kumjua, muulize mama habari za asubuhi. Atakueleza kwamba akiamka hataki kukanyaga, analia abebwe, chooni hataki kuchuchumaa, kikombe anakishika kwa mikono miwili. Ikifika saa nne yuko uani anakimbizana na wenzake. Baba anayeondoka alfajiri na kurudi jioni humkuta mzima, akasema mtoto anadeka. Na sisi tunaoanza kliniki saa nne tunamkuta akiwa kwenye saa zake nzuri, tunampapasa goti haraka, tunaandika "maumivu ya ukuaji" na kumruhusu.

Tofauti kati ya ugonjwa huu na wa watu wazima ilielezwa mapema. Mwaka 1897 George Frederic Still, daktari katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, aliandika juu ya watoto 22 aliowachunguza, akaonyesha kuwa baadhi yao, pamoja na viungo kuvimba, wana homa, tezi zilizofura na bandama kubwa, jambo lisilolingana na baridi yabisi ya mtu mzima. Miaka mingi baadaye Wamarekani walikuwa na jina lao la ugonjwa na vigezo vyao, na Ulaya na vyao. Tafiti hazikulinganishika. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa viungo, ILAR, likatunga vigezo vya pamoja, vikarekebishwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1997, na tena Edmonton, Kanada, mwaka 2001. Mpangilio huo ndio uliotupa makundi 7: aina ya mwili mzima, yenye homa na upele, aina ya viungo vichache, yaani visivyozidi 4 katika miezi 6 ya mwanzo, aina ya viungo vingi isiyo na kingamwili ya rumatoidi, RF, aina ya viungo vingi yenye RF, aina inayoandamana na soriasisi, aina inayoshika mahali kano zinaposhikana na mfupa, na kundi la wasioingia kokote au wanaoingia zaidi ya kundi moja.

Nawaomba mlikumbuke jambo hili tukiingia kwenye jeni: makundi hayo yalichorwa kwa macho na mikono ya madaktari, kwa kuhesabu viungo na kupima damu. Vinasaba havikuwa msingi wake. Swali ambalo utafiti wa jeni umelijibu vizuri kuliko mengine yote ni kama mistari hiyo ilipita mahali pake.

Inatembea ukooni, lakini si kama selimundu

Sisi tumezoea selimundu. Badiliko moja, jeni moja. Mtoto akirithi pande zote mbili anaumwa, na kipimo kinatoa jibu la ndiyo au hapana. Mazoea hayo yanatupotosha tukija kwenye yabisi. Ndugu wa tumbo moja wa mtoto mwenye yabisi ana hatari ya kuugua iliyo zaidi ya mara 10 ya mtoto mwingine, kwa hiyo urithi umo. Lakini kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa nadra, takribani mtoto 1 kati ya 1,000 huko Ulaya, hata ukizidisha mara 10 bado idadi kubwa ya ndugu hao hawataugua. Na mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, akiugua mmoja mara nyingi mwenzake anabaki mzima. Kuna mkono mwingine humo, uwe ni maambukizi, au vijidudu vya tumboni, au bahati tu ya jinsi kinga ya mwili inavyojipanga utotoni.

Sehemu ya vinasaba inayobeba uzito mkubwa kuliko zote iko kwenye kromosomu ya 6, katika kundi la jeni linaloitwa HLA. Jeni hizi hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuonyesha vipande vya protini nyingine kwa askari wa kinga, ili waamue kama hiki ni chetu au cha mgeni. Mwaka 1973 watafiti wa London na wa Los Angeles, kila upande peke yake, waligundua kuwa aina moja, HLA-B27, imewajaa wagonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo. Baadaye ikaonekana kuwa hiyo hiyo ndiyo inayoambatana na aina ya yabisi ya watoto inayoshika kwenye kano, ambayo huwapata zaidi wavulana wakubwa. Aina ya viungo vichache, ambayo kwa Wazungu huwapata hasa wasichana wadogo, ina HLA zake nyingine za familia ya DRB1.

Mwaka 2017 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka Manchester ilichapisha uchambuzi wa HLA za watoto wagonjwa zaidi ya 5,000. Waliteremka hadi kwenye asidi-amino moja moja za protini hiyo. Nafasi ya 13 ya mnyororo wa DRB1 ndiyo iliyokuwa na neno: kwa watoto wa viungo vichache na wa viungo vingi wasio na RF, hatari ilifuatana na kuwapo kwa glisini mahali hapo, na kwa watoto wenye RF ilifuatana na histidini, sawasawa na ilivyo kwa watu wazima wenye baridi yabisi yenye RF. Maana yake ni kwamba msichana wa miaka 13 mwenye RF hana "yabisi ya watoto" kwa maana yoyote ya kibiolojia. Ana ugonjwa wa mama yake mkubwa, umemwanza mapema. Na yule wa viungo vichache na yule wa viungo vingi asiye na RF, ambao vigezo vya ILAR viliwatenganisha kwa kuhesabu viungo, kijeni ni karibu mtu na nduguye. Binafsi nashangaa jinsi hesabu ya "4 au 5" ilivyotutawala miaka yote hii.

Nje ya HLA, kazi ilikuwa ya kuokota kimoja kimoja. Jeni ya PTPN22 ilionekana kwanza kwa wagonjwa wa kisukari na wa baridi yabisi mwaka 2004, na mwaka 2005 kwa watoto wa yabisi. Kisha mwaka 2013 ukaja utafiti uliolinganisha watoto wagonjwa 2,816 na watu wazima wa afya 13,056, ukaongeza maeneo mapya 14 kwa mpigo. Mengi ya maeneo hayo yanagusa seli T na ujumbe unaoziamrisha, na mengi yameshaonekana kwenye magonjwa mengine ambayo kinga hugeuka dhidi ya mwenye mwili.

Hapa ndipo ninapoombwa kipimo. Kila eneo kati ya hayo, ukiondoa HLA, huongeza hatari kidogo sana, na watu wengi wanaolibeba ni wazima. Kaskazini mwa Ulaya takribani watu 8 kati ya 100 wana B27, na wengi wao watazeeka bila kujua. Halafu tafiti za namna hii zinakuonyesha mtaa, hazikuonyeshi nyumba. Zinasema: sehemu hii ya kromosomu, yenye jeni tatu au nne na mabadiliko mamia yanayorithiwa pamoja, ina mhusika. Mhusika ni nani kati yao, na anafanya nini, ni kazi ya miaka mingine ya maabara. Maabara ikikuuzia leo "kipimo cha jeni za yabisi" kwa mtoto aliyefura goti, weka pesa yako mfukoni.

Aina ya mwili mzima: mgeni aliyekaa kwenye familia isiyo yake

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo jeni zilipomfikia mgonjwa kitandani.

Mtoto wa aina hii ana homa inayopanda mara moja au mbili kwa siku na kushuka yenyewe, upele wa waridi unaotokea homa ikipanda na kutoweka ikishuka, tezi, bandama, wakati mwingine maji kwenye utando wa moyo. Viungo vinaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. Kwetu ametibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, akatibiwa malaria tena. Upele wenyewe juu ya ngozi nyeusi ni mgumu kuuona. Utafute wakati homa iko juu, pembeni penye mwanga wa dirisha, hasa kwapani na mapajani.

Mwaka 2005 timu ya Virginia Pascual huko Dallas ilifanya jambo rahisi kulieleza. Walichukua majimaji ya damu ya watoto hawa, wakayaweka pamoja na seli za damu za watu wazima wa afya, kisha wakaangalia ni jeni zipi zinawashwa. Zilizowashwa zilikuwa za njia ya interlukini-1, ujumbe wa kemikali wa kinga ile ya kuzaliwa nayo, isiyosubiri kumtambua adui. Wakawapa watoto 9 walioshindikana kwa dawa nyingine anakinra, dawa inayoziba mlango wa interlukini-1, na 7 kati yao ugonjwa ukatulia kabisa. Mwaka 2012 tafiti kubwa zikathibitisha kuwa kuzuia interlukini-1 au interlukini-6 kunafaa.

Upande wa urithi, watafiti waliwakusanya watoto wa aina hii kutoka nchi 9. Mwaka 2015 walionyesha kuwa ina HLA-DRB1*11 kama alama yake, na mwaka 2017 kwamba maeneo ya hatari yanayojulikana kwa aina nyingine za yabisi ya watoto hayaonekani kwake. Ni ugonjwa mwingine, uliowekwa kwenye orodha moja na hizo nyingine kwa sababu tu unafurisha viungo vya mtoto.

Habari inayonigusa zaidi inatoka Saudi Arabia. Madaktari wa Riyadh walikuwa na familia 5 ambazo wazazi wake wana udugu wa damu, na katika familia hizo watoto 13 walikuwa na aina ya mwili mzima, ikiwaanza wadogo na kuharibu viungo. Mpangilio wa wagonjwa na wazima ndani ya familia ulifanana na wa selimundu: wazazi wazima, watoto baadhi wagonjwa. Walisoma vinasaba, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba watoto wote 13 wamerithi pande zote mbili badiliko lilelile moja katika jeni ya LACC1. Yaani ndani ya ugonjwa uliosemwa kuwa wa jeni nyingi, kuna kipande ambacho ni cha jeni moja.

Jeni hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 2009, ikiwa bado inaitwa kwa namba tu, ilijitokeza nchini China kwenye utafiti wa jeni za ukoma. Ilishaonekana pia kwa wenye ugonjwa wa matumbo uitwao Crohn. Baadaye ikajulikana kuwa protini yake inashughulika na jinsi makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, zinavyotumia nishati. Badiliko dogo hapa linakuweka karibu na ukoma, pale linakuletea yabisi. Kwa mtu aliyefanya kazi kwenye kliniki za ukoma na za watoto pia, hilo ni jambo la kumfanya aketi.

Linatuhusu vipi? Ndoa za binamu zipo Pwani, Unguja na Pemba, zipo kwa ndugu zetu wa Oman, zipo kwa Wasomali. Mtoto anapokuja na yabisi iliyoanza akiwa mdogo mno, ikiwa kali, na kuna ndugu mwenye hali kama yake, uliza kama wazazi wana udugu. Uliza kwa adabu, kama unavyouliza habari za chanjo. Familia ikihisi inahukumiwa haitarudi, na hakuna kosa la mtu yeyote hapo. Huyo ndiye mtoto ambaye kumsoma vinasaba kuna maana leo, kwa sababu jibu likipatikana linaweza kumsaidia daktari kuchagua dawa na kuwaambia wazazi kwamba kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4.

Nani hajahesabiwa

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa kati ya watu walioshiriki tafiti za kutafuta jeni za magonjwa duniani, karibu 78 kati ya 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa 2 tu. Kwa yabisi ya watoto hali si tofauti: wale watoto 2,816 wa mwaka 2013 walikuwa wa asili ya Ulaya.

Tofauti zipo. Toronto ni mji wa watu wa kila asili, na utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa aina ya viungo vichache ni ya watoto wa asili ya Ulaya zaidi, ilhali aina ya viungo vingi yenye RF iliwapata zaidi watoto Weusi na wa wenyeji wa asili wa Amerika. Badiliko la PTPN22, ambalo vitabu vinalitaja mara tu baada ya HLA, karibu halipo kabisa kwa Waafrika. Ukimpima mtoto wa Singida ukalikosa, hujajifunza lolote juu yake.

Gambia inatupa mfano mgumu zaidi. Wafula wa huko wana HLA-B27, watu 6 kati ya 100, kiasi kinachokaribia cha Ulaya. Watafiti waliwachunguza wanaume Wafula 900 wakitafuta ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo, na ripoti yao ya mwaka 1997 inasema hawakumpata hata mmoja. Jeni ya hatari ipo, ugonjwa haupo. Kuna kitu kinachowakinga, huenda ni jeni nyingine, huenda ni mazingira. Wanaofuata vitabu vya Ulaya kama msahafu waanze na Wafula.

Na msidhani hasara ni yetu peke yetu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo wa Tanzania, walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan kuhusu uwezo wa mtu mzima kuyeyusha maziwa. Wafugaji wa huku walikuwa na uwezo uleule walio nao watu wa Ulaya ya kaskazini, lakini kwa mabadiliko mengine kabisa ya vinasaba, karibu na mahali palepale. Mtu angepima badiliko la Kizungu tu, angeandika kwamba Mmasai hawezi maziwa! Mwaka 2020 mpango wa H3Africa ukasoma vinasaba vyote vya watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha barani, ukakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Tena kuna faida ya kitaalamu. Kwa kuwa watu wa Afrika ni wa kale kuliko wengine wote, vinasaba vyao vimechanganywa na kukatwa vizazi vingi zaidi, na mabadiliko yanayorithiwa pamoja yako katika vipande vifupi. Nikirudi kwenye mtaa na nyumba: mitaa yetu ni mifupi. Eneo ambalo kwa Wazungu lina washukiwa 200, kwetu linaweza kubaki na wachache. Kwa hiyo watoto wa Afrika wanaweza kulitatua fumbo hili kwa wote, wakiwamo watoto wa Manchester. Hili linatupa nguvu mezani tunapojadiliana na wafadhili, na sijaona tukiitumia.

Daftari kabla ya mashine

Sasa hebu mtu atuletee mashine kesho, bure. Tutaiwekea nini? Utafiti wa jeni unalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Ukichanganya kwenye kapu moja mtoto wa yabisi, wa kifua kikuu cha goti na wa selimundu, hesabu itakupa takataka yenye desimali nyingi. Na kwa yale tuliyoyaona juu ya makundi, hata ukiwachanganya wa mwili mzima na wa viungo vichache umekwisha kuharibu kazi.

Kuna uchunguzi mfupi wa viungo vyote vya mtoto uitwao pGALS. Unampitisha mtoto kwenye michezo: tembea kwa vidole, tembea kwa visigino, inua mikono, kunja ngumi, weka viganja pamoja, fungua mdomo uweke vidole vyako vitatu. Ulijaribiwa Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, ukaonekana unafaa kwenye wodi yenye msongamano kama zetu. Hauhitaji kifaa chochote. Muuguzi wa kliniki anaweza kuufanya wakati daktari yuko kwa mtoto mwingine, na apewe mahali pa kuandika alichokiona: kiungo kipi, kimevimba au kinauma tu, asubuhi kinakakamaa kwa muda gani.

Macho nayo. Aina ya viungo vichache inaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, mpaka uoni upotee. Kwa watoto wa Afrika inaelekea tatizo hili ni dogo kuliko Ulaya, lakini hatutalijua kwa hakika ikiwa hatuwapeleki kwa daktari wa macho mwenye darubini yake. Tusipopima, "hakuna" yetu ina maana ya "hatukutazama".

Muhimbili wameshachapisha taarifa za watoto wa kliniki yao ya viungo, na Nairobi Dkt. Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan amekuwa akifundisha na kuandika juu ya magonjwa haya. Mwanzo upo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019, wenye watoto 9,081 kutoka nchi 49, ulionyesha kuwa katika nchi zenye kipato cha chini watoto wana madhara mabaya zaidi ya viungo. Sababu zinazoonekana, kuchelewa kufika na kukosa dawa, si za kijeni. Dawa ya methotrekseti ilithibitika kwa watoto mwaka 1992, katika utafiti wa pamoja wa Wamarekani na Wasovieti, watu ambao muda mfupi nyuma walikuwa wameelekezeana makombora. Bei yake si mbaya. Inatolewa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, maana kosa la kuandika "kwa siku" linaua. Anayekusanya damu ya watoto kwa utafiti bila kuhakikisha wanaipata dawa hiyo anawadhulumu.

Kichupa cha kifuniko cha zambarau

Damu inayohitajika ni mililita 2 au 3, kichupa kimoja cha kifuniko cha zambarau, na kwa mtoto mdogo hata mate yanatosha. Kitaalamu ni kazi ya dakika. Kijamii siyo. Habari za mumiani wanaofyonza damu za watu hazijaisha Pwani wala bara, na msizicheke. Watu wanaouliza damu ya mtoto inakwenda wapi, kwa nini inapanda ndege na kwa nini hairudi na majibu, wanauliza maswali ambayo kamati ya maadili nayo inapaswa kuyauliza. Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wameweka wawakilishi waliochaguliwa na wakazi wenyewe, wanaokaa nao kuzungumza kabla na wakati wa utafiti. Njia hiyo ni polepole, na ndiyo ninayoipendekeza. Sheria pia zimekaza: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na taarifa za vinasaba si kitu cha kutumiana kwa WhatsApp.

Lipo jambo moja ambalo fomu zetu nyingi za ridhaa zinaliruka. Tafiti za kifamilia, kama ile ya Riyadh, zinataka damu ya mama, ya baba na ya mtoto. Ukizisoma zote tatu utaweza kujua kitu ambacho hukukiuliza: kwamba baba aliyeketi mbele yako, aliyelipa nauli ya kutoka Kigoma, si mzazi wa mtoto huyu kwa damu. Utamwambia? Nani atakayeona majibu hayo, yataandikwa kwenye faili, muuguzi anayelifungua faili atayakuta? Kuna wanaosema familia iambiwe yote kwa sababu ni taarifa yao. Mimi nasema hapana: utafiti wa yabisi usitoe jibu la uzazi kwa mtu yeyote, fomu iseme hivyo waziwazi kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya sindano, na maabara ipange programu yake ili matokeo hayo yafungiwe kwa mtu mmoja tu mwenye dhamana ya data. Najua wanasheria hawatakubaliana nami wote. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kikao cha mchana kianze na kipengele hicho cha fomu, kabla hatujafika kwenye bajeti ya vifaa.